Wakuu, mabomba ya maji yasigande: nimeshavalisha sponji, inatosha?

#1 Kidagaa
Wakuu heshima kwenu. Huu ni msimu wangu wa kwanza wa baridi kwenye nyumba yenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, chini kuna uvungu wa kutambaa kwa tumbo. Zamani nilikaa ghorofa ya kati, nina majirani juu na chini, habari za bomba kuganda nilikuwa nazisikia tu. Sasa utabiri unasema mwisho wa wiki usiku inashuka hadi nyuzi -12 za Selsiasi.

Sinki la jikoni liko ukuta wa nje, la bafuni vilevile. Nimenunua zile sponji za mviringo zilizochanwa ubavuni, nimevalisha kila bomba nililoliona huko uvunguni, nimetoka na utando wa buibui hadi masikioni. Naomba kuuliza: nimemaliza? Na hii habari ya kuacha koki ikidondosha usiku kucha ni kweli, au ni kumwaga maji bure?

#2 Mtazamaji
Nakaa siti ya mbele. Wajuzi karibuni.

#3 FundiKoki
Kidagaa, kazi ya sponji ni nzuri ila umeanzia katikati.

Sponji haipashi joto. Mfunike maiti mablanketi matatu, asubuhi utamkuta wa baridi vilevile. Kinachofanya sponji ni kuchelewesha joto lililopo lisitoke. Kama maji yamesimama bombani kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi na hewa ya uvunguni iko chini ya sifuri, utapata nafuu ya saa kadhaa, basi. Bomba linataka kitu cha kulipa joto: hewa ya ndani ya nyumba, au maji yanayotembea, au waya wa umeme.

Kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni hili. Mtu anafungua ukuta, anaona bomba, anajaza pamba ya kuhifadhi joto kati ya bomba na chumba. Anaona amelifunika. Kumbe amelifungia nje! Pamba inakaa mgongoni kwa bomba, upande wa ukuta wa nje, na tumbo la bomba linaelekea chumbani. Tanki la darini ni hivyo hivyo: funika juu na pembeni, chini yake acha wazi ili joto la chumba lipande.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa nataka unijibu jambo moja tu. Valvu kuu ya maji ya nyumba yako iko wapi, na je, inazunguka? Usiniambie "nadhani". Nenda kaishike.

#4 Bi Saumu
FundiKoki kasema kweli kuhusu sponji. Mwenzenu nilivalisha mabomba yote, nikajiona mjanja, nikasafiri siku tisa. Kabla ya kuondoka nikazima kipasha joto cha nyumba kabisa, si hakuna mtu ndani? Nilipie gharama kwa nini?

Niliporudi, nilipofungua mlango nilisikia kitu kama mvua. Nikatazama juu: rangi ya dari ilikuwa imevimba kama tumbo la mjamzito wa miezi tisa, imejaa maji, inatikisika. Sikuwa na akili ya kuikwepa. Nilienda kutafuta valvu na sikujua ilipo, nimezunguka ndani ya maji ya vifundoni robo saa nzima, kumbe ilikuwa nyuma ya mashine ya kufulia.

Fundi alipolitoa lile bomba la shaba akanionyesha. Limechanika kwa urefu, mstari ulionyooka kama ganda la kunde lililokauka, na midomo imegeuka nje. Kilichonishangaza ni mahali. Halikupasuka kule nje kwenye baridi. Limepasuka bafuni, hatua kama nne kutoka kwenye ukuta wa nje. Mpaka leo sijaelewa.

#5 Mbishi wa Mtaa
Bi Saumu pole sana, ila hapo fundi alikupiga. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, kila mtu kasoma hilo shuleni. Barafu inatanuka, bomba linapasuka pale pale penye barafu. Haiwezekani lipasukie pengine.

Halafu mbona hamzungumzii upepo? Utabiri ukisema -12 ila "inahisika kama -20", basi bomba liko kwenye -20. Na lingine, mafundi wenyewe husema bomba la maji moto ndilo huganda kwanza. Msisahau yule Erasto Mpemba aliyeona cha moto kinaganda kabla ya kilichopoa.

#6 FundiKoki
Mbishi, umeleta mambo matatu, na yote matatu umeyashika nusu.

Hiyo asilimia 9 ni sahihi. Ila fuatilia barafu inavyokua. Inaanza kwenye ukuta wa bomba, inasogea katikati polepole. Wakati huo maji yanayosukumwa yana pa kwenda, yanarudi nyuma kwenye bomba kuu la mtaa, hakuna shida. Shida inaanza barafu ikishaziba bomba lote kama kizibo. Ikiendelea kukua, inasukuma maji yaliyo upande wa mbele, yale yaliyobanwa kati ya kizibo na koki uliyoifunga vizuri kabla ya kulala. Maji hayabonyei. Presha ya kawaida ya nyumbani ni kama bar 3 hadi 5; hapo inapanda hadi mara nyingi ya hiyo, na bomba linaachia pale palipo dhaifu, hata kama pana joto na hakuna barafu hata chembe. Ndiyo maana la Bi Saumu lilipasukia bafuni. Fundi wake hakumpiga.

Na hapo ndipo jibu la koki kudondosha lilipo. Watu wanadhani tone linazuia maji yasigande kwa sababu yanatembea. Linasaidia, ndiyo. Lakini faida kubwa ni kwamba koki iliyofunguliwa kidogo haina maji ya kubanwa. Hata kizibo kikitokea, presha inatokea mdomoni kwa koki. Utaamka huna maji, ila utaamka na bomba zima.

Upepo: ile "inahisika kama" ni ya ngozi ya binadamu. Bomba halishuki chini ya joto halisi la hewa, nje ikiwa -12 mwisho wake ni -12. Ila upepo unalifikisha huko haraka mno. Tundu la kidole kwenye ukuta likipuliza moja kwa moja kwenye bomba, linaweza kugandisha usiku ambao bomba la jirani yako halikugusa hata baridi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipopima mabomba yasiyovalishwa kitu kwenye dari lenye baridi, waliona hatari inaanza hewa ya nje ikifika kama -7. Hiyo -7 ni ya mahali pasipo na upepo unaopenya. Penye tundu usiiamini.

Mpemba sasa. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto unaganda kabla ya ule uliopoa. Mwaka 1969 yeye na mwalimu wa fizikia Denis Osborne wakalichapisha, na wanasayansi wanabishana mpaka leo. Heshima kwake. Ila bombani mimi naona sababu ya kawaida zaidi. Saa 8 usiku maji ya bomba la moto yameshapoa zamani. Tofauti ni kwamba maji baridi huwa yanasogea kila mtu akiamka na kuflashi choo. La moto hakuna anayeligusa mpaka asubuhi. Lililosimama ndilo linaloganda. Kwa hiyo zote mbili zidondoshe, ya moto na ya baridi. Kama koki ni ya mkono mmoja, mkono ukae katikati, usiusukumie upande.

#7 Mbishi wa Mtaa
Sawa, hapo kwenye kizibo nimekuelewa. La upepo bado nalitafakari.

#8 Kidagaa
Mrejesho wa kwanza.

Valvu kuu nimeipata, iko ndani ya kabati la ngazi, nyuma ya ndoo za rangi. Ni ile ya gurudumu. Haizungukiiii. Nimeing'ang'ania mpaka kiganja kimekuwa chekundu.

La pili, nimefungua kabati la chini ya sinki la jikoni nikaweka mkono mle ndani. Wakuu, ni friji. Nikawasha kijiti cha udi nikakisogeza polepole ukutani kule nyuma. Moshi ulikuwa unapanda wima, nilipofika kwenye waya wa intaneti unaoingilia kwenye lile kabati, moshi ukalala chali, ukanirudia usoni. Kuna tundu la kuingia vidole viwili na waya umepita katikati kama uzi kwenye sindano. Miezi mitatu nimekaa na hilo tundu.

#9 FundiKoki
Safi sana, huo udi umekuokoa. Ziba na silikoni au povu la kupuliza leo leo, usisubiri Ijumaa. Kisha milango ya kabati iache wazi usiku, ili hewa ya jikoni iingie. Sumu za usafi zitoe mle kama una watoto.

Hiyo valvu USIILAZIMISHE. Zile za gurudumu zikikaa miaka bila kuguswa, ule mti wa ndani unakatika na utabaki na gurudumu mkononi. Jaribu kidogo kulia, kidogo kushoto, kama unafungua kifuniko kilichogoma. Ikikataa, mwite fundi abadilishe aweke ya mkono, ile inayofunga kwa robo mzunguko. Ni kazi ya muda mfupi mchana wa jua. Usiku wa Jumamosi utaililia.

#10 Tausi
Jamani na mabomba ya nje ya bustani? Mie nimevalisha kofia ya sponji kwenye koki ya nje, mpira wa maji bado umefungwa pale pale kwa sababu naoshea gari.

#11 FundiKoki
Tausi, toa mpira sasa hivi, uzi huu utausoma baadaye. Mpira ukibaki umefungwa, maji yanabaki mdomoni kwa koki na barafu inarudi ndani ukutani. Hata zile koki ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi, ambazo kiziba maji chake kiko ndani upande wa joto, zinapasuka kwa sababu ya mpira tu. Zinategemea maji yamwagike yote ukifunga. Kisha utagundua mwezi wa nne ukifungua koki, maji yanatoka sebuleni.

Kama ndani kuna valvu ndogo ya kulifunga hilo bomba la nje, ifunge, halafu nenda nje ufungue koki imwage yote, uiache wazi.

#12 Bi Saumu
Kwa wanaosafiri nisikilizeni mimi niliyelipia ada ya somo hili. Mna njia mbili tu. Ya kwanza, acha kipasha joto kikiwaka, kisishuke chini ya nyuzi 12 au 13, na milango ya vyumba iwe wazi. Ya pili, funga valvu kuu na uondoe maji yote: fungua koki za juu kabisa ziingize hewa, fungua za chini kabisa zimwage, flashi vyoo mpaka tanki liishe. Kwanza zima hita ya maji, msije mkaichemsha tupu.

Halafu kuna zile kona za bomba chini ya masinki na ndani ya choo zinazobaki na maji daima. Hizo hazitoki kwa kufungua koki. Humo unamimina dawa ya kuzuia kuganda, ila iwe ya propilini glikoli, si ile ya etilini glikoli inayotiwa kwenye rejeta ya gari. Ya gari ni sumu kali, na ina utamu, mbwa na paka huilamba.

Na someni mkataba wa bima. Wa kwangu ulikuwa na sentensi moja kuhusu nyumba kuachwa bila joto. Sentensi moja.

#13 Kipepeo
Mimi nina zile waya za umeme za kuzungushia bomba. Nimezizungusha mara mbili mbili pale kwenye kona ili joto liwe zaidi. Zinafanya kazi vizuri.

#14 FundiKoki
Kipepeo, ni waya wa aina gani? Kuna unaojirekebisha wenyewe kadiri bomba linavyopoa, huo ukijigusa si neno kubwa. Kuna wa moto uleule muda wote, huo ukijilalia wenyewe unaunguza ganda lake, kisha sponji, kisha mbao. Nyumba zimeungua hivyo. Fungua uangalie maandishi. Kama huyaoni, unyooshe uende sambamba na bomba bila kujigusa. Na ukague kila mwaka, panya hupenda kutafuna pale palipo na vuguvugu.

Jambo la pili, waya ni wa umeme, na umeme hukatika hasa siku ambazo baridi imezidi. Texas, Februari 2021: umeme ulikatika kwenye mamilioni ya nyumba, vipasha joto vikazima, mabomba yakapasuka hovyo jimbo zima. Nyumba nyingi kule hazikujengwa kwa baridi hiyo, mabomba yamepita darini na kwenye kuta za nje. Kwa hiyo kuwa na waya, ila ujue utafanya nini waya ukifa. Mimi umeme ukikatika na baridi inazidi, nafunga valvu kuu, namwaga mabomba, najaza ndoo kabla.

#15 Mbishi wa Mtaa
Swali la kweli sasa, si ubishi. Hilo tone la usiku kucha, bomba la maji machafu nalo likipita nje si litaganda? Tone moja moja likitambaa kwenye bomba lenye baridi?

#16 FundiKoki
Mbishi leo umenifurahisha. Ndiyo, linaganda. Tone jembamba kwenye bomba la kutolea maji lililo nje linajenga barafu ukuta kwa ukuta mpaka linaziba, na sinki linafurika. Kama bomba lako la kutolea liko nje, weka beseni chini ya koki, maji hayo flashia choo asubuhi. Ndugu yake ni lile bomba dogo la plastiki linalotoa maji ya boila za kisasa. Likiganda boila inazima yenyewe na inagugumia kama mtu anayesukutua. Hilo unalimwagia maji ya uvuguvugu tu kutoka nje. Usimwage ya kuchemka.

Wala si lazima udondoshe kila usiku. Ni usiku mkali tu, na koki zilizo kwenye kuta za nje, hasa ile ya mwisho kabisa kutoka maji yanapoingilia.

#17 Kidagaa
Wakuu ni saa 12 asubuhi Jumapili, nje -13. Maji baridi jikoni yanatoka. Ya moto hayatoki hata tone. Bafuni kote kuko sawa.

Nakiri kosa. Koki ya jikoni ni ya mkono mmoja. Niliusukumia kwenye baridi, nikasema kwa nini niipashe maji moto yakamwagike. Mkuu alisema katikati, nikajifanya mjuaji.

#18 Simba Mkali
Chukua gesi ya kuchomelea, pitisha moto taratibu dakika mbili tu. Mjomba wangu alikuwa anafanya hivyo miaka yote.

#19 FundiKoki
HAPANA. Kidagaa usimsikilize. Moto kwenye mbao kavu za ukuta huuoni ukishika. Na maji yaliyofungiwa kati ya barafu mbili ukiyachemsha, mvuke unalipua bomba usoni kwako.

Fanya hivi. Koki ya moto fungua yote, iache wazi. Mtu mwingine asimame kwenye valvu kuu. Bomba lililopasuka halivuji wakati limeganda, barafu yenyewe ndiyo imeziba ufa. Litaanza kuvuja likiyeyuka. Kisha papasa bomba kuanzia kwenye koki kurudi nyuma. Utafika mahali panapouma mkono kwa baridi, labda pana ukungu mweupe wa jalidi. Anza kupasha na draya ya nywele UPANDE WA KOKI, urudi nyuma taratibu. Ukianzia katikati maji yaliyoyeyuka hayana pa kutokea. Draya isikae juu ya maji. Huna draya, taulo lililochovywa kwenye maji moto, badilisha badilisha.

Valvu ulibadilisha?

#20 Kidagaa
Nilibadilisha Alhamisi. Mke wangu amesimama nayo, kavaa koti na kofia, ananitazama kwa jicho baya.

Nimelipata. Ni pale pale lilipokuwa tundu la waya, upande wa ndani zaidi. Nilipuliza povu kwa mbele tu, nyuma ya bomba bado kuna mwanya. Bomba lina manyoya meupe kama ukungu wa mkate, urefu wa kiganja.

#21 Bi Saumu
Polepole mwanangu. Usiwe na haraka. Draya isogee sogee.

#22 Kidagaa
Dakika 35. Koki imekohoa mara mbili, ikatema hewa, ikatoa vipande vya barafu vyembamba kama ganda la yai, kisha maji. Tumepiga kelele watu wazima wawili.

#23 FundiKoki
Usisherehekee bado. Chukua karatasi ya chooni kavu, izungushe kwenye kila kiungo chini ya hilo sinki, kimoja kimoja. Jicho halioni unyevu mdogo, karatasi inaona.

#24 Kidagaa
Kwenye kiwiko cha bomba karatasi imelowa. Nimeangalia na tochi, ufa mwembamba kama unywele, unatoa shanga moja ya maji, halafu nyingine. Nikaita tu "funga!" Robo mzunguko. Nimesikia mlio wa valvu kabla sijamaliza neno.

#25 FundiKoki
Zima hita. Fungua koki za chini mabomba yaishe. Kiwiko ni kazi ya nusu saa, usikifunge na gundi wala kamba ya mpira. Na ukikibadilisha, toa lile povu lote, uzibe upya kuanzia nyuma ya bomba.

#26 Kidagaa
Hita imezimwa. Ndoo tulijaza jana usiku, zipo mbili. Fundi anakuja saa 4. Kuna tone moja limebaki kwenye ncha ya kiwiko, linaning'inia, halidondoki.